Mwanahistoria wa Dola Milioni 1.6

Tarehe 9 Novemba 2011, wagombea wa chama cha Republican waliokuwa wakiwania kumkabili Barack Obama walikutana katika mdahalo wa uchumi kwenye Chuo Kikuu cha Oakland, jimbo la Michigan. Mwandishi wa CNBC, John Harwood, alimgeukia Newt Gingrich, Spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi, akamwuliza kuhusu dola 300,000 ambazo kampuni yake ilipokea mwaka 2006 kutoka Freddie Mac, shirika kubwa la mikopo ya nyumba lililoanguka miaka miwili baadaye na kubebwa na walipa kodi. Fedha hizo zilikuwa za kazi gani? Gingrich alisema hajawahi kufanya ushawishi wa aina yoyote. Aliwashauri wakubwa wa shirika hilo kama mwanahistoria. Walipomweleza kwamba mikopo inatolewa kwa watu wasio na rekodi ya kulipa madeni, aliwaambia huo ni wendawazimu, na kwamba soko la nyumba limevimba na litapasuka.

Maelezo hayo yaliishi wiki moja. Bloomberg liliripoti kwamba malipo yote, katika vipindi viwili kati ya mwaka 1999 na 2008, yalikuwa kati ya dola milioni 1.6 na 1.8. Waliokuwa wakubwa wa Freddie Mac walisema walimtafuta awajengee daraja kwa wabunge wa Republican, na hawakukumbuka onyo lolote kuhusu soko kupasuka. Wapinzani wake wakapata dhihaka ya bure: hakuna mwanahistoria aliyewahi kulipwa hivyo tangu historia ianze kuandikwa.

Hapo ndipo mjadala ulipokwama katika swali moja, nalo lilirudiwa miezi mitatu mfululizo: je, Gingrich alikuwa mshawishi wa kulipwa, au hakuwa? Ninavyoona mimi, swali hilo lilimfaa Gingrich kuliko lilivyowafaa wapiga kura. Lilikuwa na jibu la kisheria, na jibu la kisheria lilikuwa upande wake. Hakuwa amesajiliwa, hakushtakiwa kwa kukosa kujisajili, na hakuna aliyeonyesha kwamba alipaswa kusajiliwa. Lakini alichokiuza kwa Freddie Mac hakikuwa kitu ambacho rejesta ya washawishi ilitungwa kukinasa, na ili tukione lazima kwanza tujue mnunuzi alikuwa na shida gani.

Freddie Mac iliundwa na Bunge la Marekani mwaka 1970. Kazi yake ni kununua mikopo ya nyumba kutoka benki ili benki zipate fedha za kukopesha tena. Lilikuwa shirika la wanahisa, likitafuta faida kama kampuni nyingine, lakini hati yake ya kuzaliwa ilitoka serikalini, na wawekezaji duniani kote waliamini kwamba likiyumba serikali italishika mkono. Kwa imani hiyo lilikopa kwa riba nafuu kuliko benki yoyote. Yaani sehemu kubwa ya faida yake ilitokana na hati iliyotiwa saini Washington, na waliokuwa na uwezo wa kuibadili hati hiyo walikuwa wabunge. Kwa shirika la namna hiyo, kuwa na marafiki bungeni ni mtaji sawasawa na fedha zilizo benki.

Mtaji huo ulikuwa umeanza kupungua. Mwaka 2003 ilifichuka kwamba mahesabu ya Freddie Mac yalikuwa yamepindwa kwa mabilioni, na mdhibiti akalitoza faini ya dola milioni 125. Mwaka 2005 Seneta Chuck Hagel wa Republican alisukuma muswada wa kulibana shirika hilo pamoja na ndugu yake, Fannie Mae. Shirika la habari la AP lilikuja kufichua kwamba Freddie Mac iliilipa kampuni moja ya Washington dola milioni 2 kwa siri ili muswada huo ufe kwa mikono ya maseneta wa Republican wenyewe, na muswada ukafa kweli bila kupigiwa kura ya Seneti nzima. Mwaka 2006 ikaja faini nyingine, dola milioni 3.8 kutoka Tume ya Uchaguzi ya Serikali Kuu, kubwa kuliko zote ambazo tume hiyo ilikuwa imewahi kutoza, kwa sababu ya karamu za kuchangisha fedha za kampeni zilizoandaliwa kwa raslimali za shirika.

Mwaka huohuo, likiwa limechunguzwa na kutozwa faini, na halipendwi na mrengo wa kihafidhina, shirika lilisaini mkataba na Gingrich Group: dola 25,000 kila mwezi. Huhitaji shahada ya historia kuunganisha mambo haya mawili.

Mwanamume huyo shahada anayo, na ya juu kabisa. Wasomaji wa Kongo watashangaa kusikia kwamba tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1971, ilihusu sera ya elimu ya Wabelgiji katika Kongo kuanzia 1945 hadi 1960. Alipojiita mwanahistoria hakuwa anadanganya. Ila Freddie Mac haikumtafuta kwa anachokijua kuhusu shule za wamisionari. Ilimtafuta kwa sababu mwaka 1994 aliongoza chama chake kuliteka Baraza la Wawakilishi baada ya miaka arobaini ya kukaa upinzani, kwa sababu alikuwa Spika kuanzia 1995 hadi mwanzoni mwa 1999, na kwa sababu wabunge wengi wa kihafidhina walimwona kama baba yao wa kisiasa.

Kazi aliyoifanya ilionekana wazi angalau mara moja. Mwaka 2007 tovuti ya Freddie Mac ilichapisha mahojiano naye, ambamo alikiri kwamba usimamizi wa mashirika hayo unahitaji kuboreshwa, lakini akasema angekuwa mwangalifu sana kabla ya kuugusa mfumo wenyewe. Hapo hakukuwa na mbunge aliyepigiwa simu wala muswada uliotajwa kwa namba. Palikuwa na shujaa wa wahafidhina akiwaambia wahafidhina wenzake waende taratibu, tena katika ukurasa wa mteja anayemlipa.

Kisha kuna ambacho hakikusemwa. Gingrich hajulikani kwa ukimya. Ni mtu wa vitabu, televisheni na hotuba, na kwa miaka mingi ametafuta adui wa kumrarua kila msimu. Katika miaka ambayo wahafidhina wengi walilishambulia shirika hilo kama mfano wa ubia mbaya kati ya serikali na biashara, mkali wao kuliko wote hakuwa mstari wa mbele. Sisemi kwamba ukimya uliandikwa katika mkataba. Nasema kwamba kwa mnunuzi ukimya huo ulikuwa na thamani, na hakuna fomu ya serikali inayomtaka mtu aandike siku ambazo hakusema kitu.

Ulimi wake ulifunguka baada ya malipo kukoma. Mnamo Septemba 2008 serikali ilichukua usimamizi wa Freddie Mac na kuanza kulimiminia fedha ambazo zilikuja kupita dola bilioni 70. Oktoba 2011, katika mdahalo uliofanyika Chuo cha Dartmouth, Gingrich alitaka wanasiasa wa Democratic Barney Frank na Chris Dodd wafungwe jela kwa mchango wao katika kuporomoka kwa uchumi, akawaambia watazamaji waangalie washawishi wa Freddie Mac waliokuwa karibu na Frank. Mwezi mmoja baadaye Harwood alimwuliza lile swali la Michigan.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa pana kichekesho. Sheria ya Marekani inayowataka washawishi wajisajili ilipitishwa mwaka 1995, Gingrich mwenyewe akiwa Spika. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 421 bila hata moja ya kupinga, na Rais Bill Clinton akaisaini Desemba. Kwa mujibu wake, mshawishi ni mtu anayelipwa na mteja, aliyewasiliana na viongozi zaidi ya mara moja kwa niaba ya mteja huyo, na ambaye shughuli za ushawishi zinachukua asilimia 20 au zaidi ya muda anaomtumikia. Masharti yote lazima yatimie. Ukitumia asilimia 19, wewe ni mshauri. Ukitumia asilimia 5 lakini dakika hizo chache zikawa za kumpigia kiongozi aliyeingia bungeni kwa mgongo wako, wewe bado ni mshauri.

Angalia sheria hiyo inamnasa nani. Kijana anayezunguka korido za Bunge kutwa nzima, faili mkononi, akiomba dakika kumi za msaidizi wa mbunge, huyo atajisajili, ataandika robo mwaka kwa robo mwaka ni nani anamlipa na kiasi gani. Mzee ambaye simu yake hupokelewa mara ya kwanza inapolia hahitaji muda mwingi. Kadiri mtu anavyokuwa na nguvu, ndivyo dakika anazohitaji zinavyopungua, na ndivyo anavyozidi kuwa nje ya rejesta. Ni kama dalali wa mjini: mwenye jina hakai kwenye kibaraza akisubiri wapangaji, anataja tu nyumba na watu wanakwenda.

Gingrich aliijua mipaka hiyo vizuri. Katika mdahalo wa Tampa, Januari 2012, alieleza kwamba kampuni yake ilimleta mtaalamu wa sheria hizo kuwafundisha wafanyakazi mstari uko wapi ili wasiuvuke. Alilitaja kama ushahidi wa uadilifu. Mimi niliposoma maelezo hayo niliona ushahidi wa jambo jingine: kampuni ambayo shughuli zake ziko mbali na mstari haina haja ya mwalimu wa kuuonyesha.

Kuna upande wa pili wa biashara yake ambao ni mgumu zaidi kuuamua, na ningependa tukae nao kidogo. Mwaka 2003 Gingrich alianzisha Center for Health Transformation, taasisi ya kufikiri juu ya huduma za afya iliyoendeshwa kama kampuni. Makampuni ya dawa, bima na hospitali yalijiunga kwa ada, na wanachama wa daraja la juu walilipa hadi dola 200,000 kwa mwaka. Washington Post lilipiga hesabu mwaka 2011 likakuta taasisi ilikusanya angalau dola milioni 37. Novemba 2003 Bunge lilikuwa likijadili muswada wa kuwalipia wazee dawa kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, muswada ambao makampuni ya dawa yaliutaka na wahafidhina wengi waliuona kuwa mzigo kwa hazina. Gingrich aliandika makala katika Wall Street Journal akiwahimiza wahafidhina waupigie kura ya ndiyo, na alikutana na wabunge wa chama chake kuwaambia hivyohivyo. Alfajiri ya tarehe 22, baada ya kura kushikiliwa wazi kwa karibu saa tatu huku wasitao wakisukumwa, muswada ulipita kwa kura 220 dhidi ya 215.

Alipobanwa na mpinzani wake Mitt Romney kuhusu hilo, Gingrich alisema aliusemea muswada hadharani, kama raia, kwa sababu aliuamini. Naamini kwamba aliuamini. Alikuwa amezungumzia mageuzi ya Medicare kwa miaka mingi. Ila mtu anaweza kuamini jambo kwa dhati na bado akalipwa kwa kuliamini, na hapo ndipo tatizo lilipo kwa mpiga kura: imani na malipo vinapotembea njia moja, hakuna wa nje awezaye kusema kipi kinamvuta mwenzake. Rushwa ina alama zake. Mlipaji anataka uache msimamo wako. Ushauri wa namna hii hauna alama hiyo. Mteja humtafuta mtu ambaye tayari anaelekea anakotaka, humtia mafuta, na wote wawili hulala usingizi mzuri. Wahenga waliosema mkono mtupu haulambwi walikuwa wakimtazama mlambaji. Hapa uliolambwa ni mkono wa rafiki, na rafiki alikuwa njiani kuja hata hivyo.

Mtindo huu wa kukwepa jina si wa chama kimoja. Mwaka 2009 Obama alimteua Tom Daschle, kiongozi wa zamani wa Democratic katika Seneti, kuwa waziri wa afya. Tangu aliposhindwa kiti chake mwaka 2004, Daschle alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mawakili ya Alston & Bird akiwa mshauri wa sera, akalipwa zaidi ya dola milioni 2 katika miaka miwili, naye hakuwa wakili na hakuwa mshawishi aliyesajiliwa. Kilichomwangusha Februari mwaka huo ni kodi: alikuwa ametumia gari na dereva wa kampuni nyingine bila kuvilipia kodi, deni likafika zaidi ya dola 100,000. Lakini bila dereva huyo, huenda angepita. Obama alikuwa ameingia madarakani akitoa amri kali ya kuwafungia mlango washawishi waliosajiliwa, na Daschle, kwa kipimo cha amri hiyo, alikuwa safi.

Amri hiyo ilizaa matunda ambayo haikuyakusudia. Washawishi waliosajiliwa walikuwa karibu 15,000 mwaka 2007. Kufikia 2013 walishuka hadi karibu 12,000. Hakuna mtu Washington aliyeamini kwamba ushawishi wenyewe umepungua kwa kiwango hicho. Kusajiliwa kulikuwa kumekuwa doa katika wasifu wa mtu anayetaka kazi serikalini, kwa hiyo watu wakajipima upya, wakajikuta chini ya asilimia 20, wakafuta majina. Daschle alijisajili hatimaye mwaka 2016, akiwakilisha kampuni ya bima ya Aetna. Ilikuwa miaka zaidi ya kumi tangu aondoke Seneti.

Jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kulitolea ushuhuda ni kwamba Marekani inajua kabisa kutunga sheria pana zaidi inapotaka. Tangu 1938 ina sheria ya mawakala wa serikali za nje, na humo hakuna kipimo cha asilimia 20. Serikali ya Kenya ilipoikodi Ballard Partners ya Washington mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, kampuni ilijisajili, mkataba ukawekwa mahali pa wazi, na magazeti ya Nairobi yakausoma na kuuliza kwa nini fedha ziende huko. Miaka ya nyuma, kampuni ya Paul Manafort na wenzake ilipowatumikia Mobutu na serikali ya Moi, njia ya kuijua kazi hiyo ilikuwa ni nyaraka za sheria hiyohiyo. Mkenya anayetaka kujua serikali yake inamlipa nani Washington ana faili la kufungua. Mmarekani aliyetaka kujua Freddie Mac inamlipa nini Spika wake wa zamani ilimbidi angoje agombee urais.

Ulaya nako watu wamejikwaa kwenye kizingiti hichohicho. David Cameron alionya mwaka 2010, kabla hajawa Waziri Mkuu, kwamba ushawishi ndiyo kashfa kubwa inayosubiri kulipuka Uingereza. Serikali yake ikatunga sheria ya rejesta mwaka 2014, iliyowahusu washawishi wa kukodiwa na wateja mbalimbali tu. Alipoondoka madarakani alijiunga na kampuni ya fedha ya Greensill, na mwaka 2020 akawatumia mawaziri na maofisa wa hazina mfululizo wa ujumbe wa simu akiiombea kampuni hiyo nafasi katika mpango wa mikopo ya dharura ya korona. Greensill ilipofilisika Machi 2021, msajili aliamua kwamba Cameron hakuvunja sheria: alikuwa mwajiriwa wa kampuni, hakuwa mshawishi wa kukodiwa. Kamati ya Bunge ilimlaumu kwa kukosa busara, basi.

Ufaransa, François Fillon, Waziri Mkuu wa zamani, alifungua kampuni ya ushauri, 2F Conseil, mwezi Juni 2012, siku chache kabla ya kuwa mbunge wa Paris. Kanuni ziliwazuia wabunge kuanzisha kazi ya ushauri wakiwa bungeni, lakini si kuendeleza waliyoianza. Miongoni mwa wateja alikuwa AXA, kampuni kubwa ya bima, na alipogombea urais mwaka 2017 na pendekezo la kupunguza kinacholipiwa na bima ya serikali, watu wakaunganisha. Kashfa ya mishahara ya mkewe ilikuwa nzito zaidi na ndiyo iliyommaliza. Hata hivyo sheria ya mwaka 2017 iliyofuata iliziba mwanya huo, ikataka kazi ya namna hiyo iwe imeanza mwaka mmoja au zaidi kabla ya ubunge.

Msomaji wa Tanzania huenda anawaza Azimio la Arusha. Miiko ya mwaka 1967 haikujisumbua kuuliza kiongozi anafanya nini na fedha za watu. Ilisema asiwe na mishahara miwili wala ukurugenzi katika kampuni binafsi, ikaishia hapo, mpaka Azimio la Zanzibar lilipolegeza kamba mwaka 1991. Kulikuwa na unyoofu fulani katika kuuliza kuhusu mfuko badala ya tabia. Ila miiko hiyo ilimhusu aliye madarakani. Gingrich, Daschle na Cameron walilipwa baada ya kutoka, na hapo hata Arusha haikufika.

Ni kosa pia kumtia kila mshauri kapu moja, na mfano mzuri ni Pete Buttigieg. Mwishoni mwa 2019, meya huyo wa South Bend, Indiana, alikuwa akipanda kwa kasi katika mbio za Democratic, na Elizabeth Warren akamtaka aeleze aliwafanyia kazi akina nani alipokuwa kampuni ya ushauri ya McKinsey kati ya 2007 na 2010. McKinsey ilikuwa imechafuka jina, kuanzia kwa watengenezaji wa dawa za kutuliza maumivu Marekani hadi shirika la umeme la Eskom la Afrika Kusini. Buttigieg alikuwa amefungwa na mkataba wa kutunza siri, kampuni ikamwachia, na tarehe 10 Desemba orodha ikatoka: kampuni ya bima ya afya ya Michigan, maduka ya vyakula ya Kanada, Best Buy, shirika la posta, idara kadhaa za serikali, taasisi za mazingira.

Kelele zilikuwa zilezile alizopigiwa Gingrich, lakini jambo lilikuwa tofauti kabisa. Buttigieg alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hajashika cheo chochote, akichora majedwali ya hesabu kwa amri ya wakubwa wake. Hakuwa na jina la kuuza wala mbunge wa kumpigia. Angekuwa na la kujibu kama kazi zile zingekuwa zimedhuru watu, na aliulizwa hilo kuhusu wafanyakazi waliopunguzwa Michigan. Akajibu kwamba hakushiriki. Hata Romney, aliyemwandama Gingrich, alianzia kwenye ushauri wa biashara, na maswali halali juu yake yalihusu viwanda vilivyofungwa. Anayeuza ujuzi kabla ya madaraka huulizwa ujuzi huo ulifanya nini. Anayeuza baada ya madaraka huulizwa anauza nini hasa, maana ujuzi wa mikopo ya nyumba Freddie Mac ilikuwa nao wa kutosha ndani ya jengo lake.

Kama ningekuwa na nafasi ya Harwood usiku ule, nisingetaja ushawishi hata kidogo. Ningeuliza ni nani ndani ya Freddie Mac uliyekuwa ukiripoti kwake. Mkataba wa mwaka 2006, ulipotolewa hatimaye, ulijibu: kazi ilikuwa ushauri na huduma zinazohusiana nao, kadiri atakavyoagiza mkurugenzi wa sera za umma, yaani idara iliyoshughulika na Washington. Haukutaja historia. Ningeuliza pia ni ripoti gani iliyoandikwa, maana mshauri aliyeona maafa yakija na kuwaonya waliomlipa angekuwa na karatasi moja, hata barua, ya kuithibitisha sifa hiyo. Na ningeuliza kuhusu mgao. Gingrich alisema Tampa kwamba fedha zilikwenda kwa kampuni, na kwamba fungu lake lilikuwa kama dola 35,000 kwa mwaka. Huenda hesabu ni sahihi, lakini kampuni ilibeba jina lake, na Freddie Mac isingeisaini bila yeye.

Majibu hayo yalichelewa. Mwanzoni mwa Desemba 2011 Gingrich aliongoza katika kura za maoni kitaifa na huko Iowa. Matangazo ya kundi la kumuunga mkono Romney yakaitumia Freddie Mac kumpiga wiki baada ya wiki, na tarehe 3 Januari akamaliza wa nne Iowa. Akafufuka South Carolina tarehe 21, akamshinda Romney vizuri. Mkataba ulitolewa siku mbili baada ya ushindi huo, saa chache kabla ya mdahalo wa Tampa, katika jimbo ambalo maelfu ya familia zilikuwa zimepoteza nyumba zao. Romney alimwita dalali wa ushawishi mbele ya kamera, na tangazo lake likasema kwamba familia za Florida zilipopoteza kila kitu, Gingrich alikuwa akivuna. Kura za tarehe 31 zilimpa Romney asilimia 46 dhidi ya 32 za Gingrich. Orodha ya Buttigieg, kinyume chake, ilitoka karibu miezi miwili kabla ya Iowa, na wapiga kura walipokwenda vituoni tarehe 3 Februari 2020 McKinsey ilikuwa habari ya mwaka uliopita.